Dole Gumba la Daktari wa Ng'ombe

"Shemeji, hivi unampima mke wako au unamkatia sanda?"

Huyo ni mwanangu wa kwanza, dereva wa lori, amesimama mlangoni kwangu na mikono kiunoni kama trafiki.

"Nampima," akajibu mkwe wangu, fundi cherehani, amepiga magoti sakafuni na pini mbili mdomoni. "Dada yako si gunia la mahindi, kwamba popote utakapomtupa atakaa. Inua mguu, mama watoto. Huo mwingine."

"Pikipiki haipimwi kwa futi ya kushonea! Inapimwa kwa injini!"

"Injini ndiyo itakayokaa kwenye siti? Anayekaa ni mtu. Na mtu ana mapaja."

"Unataja mapaja mbele ya mama mkwe wako!"

"Ataje tu," nikasema. "Mapaja hayo nimeyatengeneza mimi."

Aliyekuwa anagombewa alikuwa pale pale katikati yao. Alikuwa amekalia mkono wa kochi langu, mguu huku na mguu kule, ameshika mti wa ufagio mbele yake kama usukani, anatazama ukutani. Huyo ndiye binti yangu, na habari hii ni yake. Mimi shule niliipitia kwa nje tu, nikienda kisimani, lakini binti huyu alisoma mpaka vitabu vikaomba likizo. Ni daktari wa mifugo. Watu wote wanamwita Daktari, hata mumewe anapomwita kula.

Siku aliyozaliwa alikuwa mdogo hata nikamlaza ndani ya kiatu cha marehemu baba yake, na bado ikabaki nafasi ya soksi. Wenye wivu husema naongeza chumvi. Kiatu ninacho, waje wakione. Akakua, lakini hakukua sana. Akisimama nyuma ya ndama, wewe utamwona ndama peke yake na utashangaa kwa nini ndama anapiga miayo huku anasikika akisema, "Fungua mdomo vizuri."

Ila kila kiumbe kina alichopewa, na yeye alipewa dole gumba. Kumchoma ng'ombe sindano ya mshipa si mchezo. Lazima ubonyeze shingo yake kwa dole gumba mpaka mshipa uvimbe, ndipo uchome. Ng'ombe akishtuka, usiachie. Bonyeza zaidi, jilaze shingoni kwake, mwambie maneno matamu. Ukiachia, sindano itaingia kwako. Miaka ishirini na miwili binti yangu amebonyeza shingo za ng'ombe. Dole lile sasa ni nene kuliko kifundo cha mguu wangu. Siku moja alinibonyezea kitufe cha redio, nikaenda kukiokota upande wa pili wa ukuta.

Wagonjwa wake wako kwenye vilima vya juu, nyumba arobaini za wafugaji, na huko hakuna barabara ya maana. Ni njia ya mawe, imesimama wima kama ngazi ya kupandia darini. Ukidondosha kiazi kule juu, kinafika chini kimeshamenyeka. Njia hiyo Daktari ameipanda kwa miguu, begi mgongoni, mvua na jua, mpaka mwaka huu goti lake la kulia lilipovimba likawa kama papai. Daktari wa watu akamwambia Daktari wa ng'ombe: chagua, goti au vilima.

Chama cha wafugaji kikakaa kikao. Kikaamua kununua ile pikipiki ya miguu minne, yenye matairi mapana, inayopanda mawe kama mbuzi. Daktari achague mwenyewe, kwa kuwa ndiye atakayeikalia. Lakini Jumamosi mwenyekiti wa chama atasubiri kule juu kwenye mazizi, amwone anapanda kwa macho yake. Akishindwa, pikipiki na vilima atapewa kijana mmoja aliyemaliza masomo juzi, na Daktari atahamishiwa ofisi ya kupokelea maziwa, agonge mihuri mpaka siku ya kustaafu.

Kwa mtu mwingine hiyo ni neema: kiti, kivuli, chai ya saa nne. Binti yangu aliposikia alikuja kwangu, akakaa jikoni, akavua kilemba, akasema, "Mama, wakiniweka ofisini nitakufa na viatu safi."

Sasa shida iko hapa. Mtu huyu hajawahi kuendesha kitu chochote. Baiskeli hajui. Hata mkokoteni akisukuma yeye unakwenda kwa jirani.

Basi ndiyo maana siku hiyo ya Jumanne kaka mtu na mume mtu walikuwa wanarushiana maneno sebuleni kwangu. Dereva anataka dada yake achukue kubwa kuliko zote. Fundi hataki kusikia kubwa wala ndogo, anataka vipimo. Aliandika kwenye kipande cha karatasi ya mchoro: kiuno hadi goti, goti hadi unyayo, bega hadi kifundo cha mkono, kifundo hadi ncha ya kidole. Akaikunja, akaitia mfukoni, tukaondoka wote wanne. Nani angeniacha mimi nyumbani siku kama hiyo?

Duka lenyewe lilikuwa ua mkubwa wenye paa la mabati, unanuka mpira mpya. Upande mmoja kuna fundi matairi, upande wa pili mtengeneza magodoro. Muuzaji alikuwa mtu mwembamba mwenye kalamu kila sikio. Akatupeleka kwenye pikipiki tatu: nyekundu kubwa kama fahali aliyeudhika, kijani ya wastani, na njano ndogo.

"Hii hapa!" Dereva akaipiga nyekundu kofi la kiunoni. "Hii ni mashine! Dada, chukua hii. Ndogo utaichoka mwezi ujao. Kubwa utaizoea, utakulia humo humo."

"Nguo ya kukulia hununuliwa mtoto," Fundi akasema, anakunjua futi yake. "Mke wangu ana miaka arobaini na sita. Akulie wapi tena?"

"Mpumbavu wewe, hii si nguo!"

"Kila kinachovaliwa na makalio ni nguo. Panda, mama watoto."

Muuzaji alituambia amefanya kazi ile miaka kumi na moja na hajawahi kuona mteja anapimwa namna ile. Fundi alimtaka mkewe akae, aweke nyayo zote mbili bapa mahali pake. Akaingiza mkono chini ya goti kuona limekunjika au limenyooka. Akamwambia asimame juu ya vikanyagio, akapitisha ngumi kati ya siti na mkewe, Dereva akainua macho paani kwa aibu. Kisha akasema, "Geuza usukani mpaka mwisho. Usiiname! Ukiinama mkono ni mfupi." Mwishowe akamwambia afikishe vidole kwenye breki bila kubandua kiganja.

Kwenye nyekundu vidole havikufika. "Inampwaya," Fundi akatoa hukumu. Kwenye njano magoti yaligonga usukani, na pembeni palikuwa na karatasi imebandikwa kwamba ni ya watoto. Daktari aliisoma, akashuka. "Inambana kwapani," akasema Fundi. Kwenye kijani alizunguka mara tatu, akapima, akapima tena, akatoa pini mdomoni. "Hii," akasema kwa sauti ya mtu anayesali, "haihitaji hata kupunguzwa."

"Haiwezi vilima hiyo!" Dereva akafoka. "Dada, jaribu nyekundu kwanza, mara moja tu. Unamsikiliza mshona suruali?"

Daktari akatutazama wote watatu. Nadhani alichoka. Alichukua kofia ngumu kwa muuzaji, akaivaa, akapanda nyekundu.

Muuzaji akamwonyesha. Hakuna klachi, hakuna kuhangaika na gia, inajibadilisha yenyewe. Hapa breki. "Na mafuta ni hiki kijiti, mama. Unakibonyeza taratibu kwa dole gumba."

Mimi nilisikia neno dole gumba. Nililisikia vizuri kabisa. Nikanyamaza. Mungu anisamehe, nilitaka kuona.

Ikanguruma. Ikaruka kidogo mbele, kama ng'ombe anavyofanya akihisi baridi ya sindano. Binti yangu akashtuka, na mwili wake ukafanya kile ulichofanya miaka ishirini na miwili. Alijilaza shingoni kwa mashine, akabonyeza dole gumba kwa nguvu zake zote, akaanza kuibembeleza: "Tulia, mama. Tulia. Haiumi."

Mashine ikaona imepewa amri.

Ilizunguka ua mara tano. Fundi husema mara moja, lakini yeye alikuwa amejifunika uso kwa futi. Kadiri ilivyokimbia ndivyo binti yangu alivyoibonyeza, na kadiri alivyoibonyeza ndivyo ilivyokimbia, na sauti yake iko pale pale, tamu kama asali: "Basi, basi, mtoto mzuri, imekwisha." Ikapita katikati ya matairi ya jirani, tairi moja likaanza safari na mpaka leo halijarudi. Kuku aliyekuwa anadonoa pale alitaga palepale, yai likiwa limeshachemka. Mwisho ikaingia kwa mtengeneza magodoro, ikazama ndani ya sponji, ikazimika.

Tulipofika, alikuwa bado ameilalia. "Umeona?" anaiambia. "Si imekwisha?"

Hakuumia hata ukucha. Lakini alipovua kofia hakucheka tulipocheka. Akasema, "Jumamosi ni siku nne tu."

Muuzaji, Mungu ampe heri, alivuta pumzi, akaondoa kalamu moja sikioni. "Mama, anayeanza hapewi ile kubwa, hata awe na misuli ya jiwe. Nilinyamaza kwa sababu huyu kaka anaongea sana." Akatuleta kwenye kijani. Nayo inajibadilisha gia yenyewe. Ina gia ya kurudi nyuma. Ukishuka mteremko, injini inaishika isiporomoke. Siti ni ya mtu mmoja: "Usipakie mtu, hata mama yako mzazi." Hapo tuliangaliana vibaya kidogo, mimi na yeye. Kisha akaonyesha skrubu ndogo karibu na kile kijiti cha mafuta. Ukiibana, kijiti hakiingii sana, hata ukibonyeza kwa hasira. Mashine inatembea kama mzee anayetoka kula.

"Basi tumepona!" Fundi akasema. "Bana yote."

"Ukibana yote haitapanda kilima," muuzaji akasema.

"Nilisema mimi!" Dereva akadakia.

"Itapanda ukiilegeza. Hata hivyo kaka, shida si mashine. Shida ni lile dole. Anaogopa, anabonyeza. Mtu wa pikipiki akiogopa anaachia."

Tukaichukua kijani. Ikaletwa nyumbani kwangu Jumatano asubuhi, ikawekwa chini ya dirisha, na Daktari na mumewe wakahamia kwangu na cherehani moja mpaka Jumamosi. Na ndani ya nyumba tukaanza shule ya pekee, ambayo mwalimu mkuu wake nilikuwa mimi: shule ya kumshtua Daktari.

Sheria ilikuwa moja. Saa zote awe ameshika kitu, ufagio, mwiko, mti wa mwavuli, na mtu yeyote amshtue wakati wowote. Akishtuka, afumbue dole. Nimelea watoto saba na kuzika mume mmoja, lakini sijawahi kupewa kazi niliyoipenda kama ile. Nilijificha nyuma ya pazia na mifuniko miwili ya sufuria. Niliingia chini ya meza nikamshika kisigino. Nilimtumia salamu kwa jirani kwamba nimekufa, kisha nikamfungulia mlango mwenyewe.

Siku ya kwanza alivunja ufagio mara mbili. Mwiko ukapasuka. Alfajiri ya Alhamisi mumewe alimpigia kelele "Nyoka!" sikioni, na Fundi wa watu alikwenda kazini na alama ya dole shingoni, wateja wakadhani wana ugomvi.

"Mama, haiwezekani," Daktari akaniambia. "Dole halisikii."

"Litasikia. Hata fahali husikia."

Alhamisi jioni nilimpa sahani za kupeleka kabatini, zile sita za harusi yangu. Sikupanga kitu, naapa. Dereva ndiye aliyekuja na lori lake kimya kimya, likibiringika na injini imezimwa, mpaka nyuma ya dirisha la jikoni, akapiga honi ile ambayo hufanya watu walioketi wasimame.

Binti yangu aliruka juu, akafumbua mikono yote miwili.

Sahani sita zikaenda. Fundi akaingia mbio na mkasi mkononi, akatazama vigae chini, akamtazama mkewe aliyesimama vidole vimechanua kama maua, kisha sote tukaanza kupiga vigelegele. Sijawahi kufurahi hivyo kuvunjiwa vyombo.

Ijumaa alipelekwa uwanja wa mpira na kijani yake. Alizunguka, akasimama, akarudi nyuma, akapanda kile kichuguu cha nyuma ya goli. Mara moja mbwa alikatiza, dole likafumbuka lenyewe. Aliporudi alikaa kwenye kiti cha cherehani cha mumewe, anakanyaga kanyagio bila uzi wala kitambaa.

"Mama," akasema, "maisha yangu yote nimejua kwamba ukiogopa, shikilia. Ndiyo kazi yangu. Ukiachia, mnyama anaumia, na wewe unaumia. Leo naambiwa ukiogopa, achia. Kwa umri huu?"

Nilikuwa na hadithi tayari mdomoni, ya babu yangu na kiboko. Nikaimeza. "Mimi nilijifunza siku nilipokuoza," nikamwambia. "Nilikuwa nimekushika hivi. Nikaachia. Mbona hukuanguka?"

Akatazama kanyagio. "Nilianguka kidogo."

"Kidogo kinaruhusiwa."

Jumamosi asubuhi wakagombana tena, safari hii juu ya skrubu. Fundi anataka ilegezwe mzunguko mmoja, Dereva anataka minne. Daktari akawaondoa wote wawili, akachukua bisibisi, akailegeza mwenyewe, na mpaka leo hakuna anayejua aliilegeza kiasi gani. Akavaa kofia. Begi lake aliliacha juu ya meza kwa sababu mwenyekiti alisema leo ni kuendesha tu, si kazi. Akaondoka polepole, amenyooka kama bibi harusi, akakunja kona, tukabaki na sauti, halafu hata sauti ikakwisha.

Kupanda kule ni dakika ishirini, tuseme na kushuka ishirini. Saa nzima ikapita.

Fundi alikuwa anapiga pasi suruali ya mteja. Ile ile. Alishaipiga mara nne, ungeweza kunyolea ndevu kwa mstari wake. Dereva amening'inia dirishani, sikio nje.

"Injini imekata," akasema. "Nimeisikia. Imekata pale kwenye mawe makubwa."

"Hiyo ni mashine ya kusaga."

"Mimi niambiwe injini na mtu wa vifungo? Imekata! Kijani haina nguvu, nilisema. Angechukua nyekundu angekuwa amesharudi."

"Angerudi, ndiyo. Kwa machela."

"Na wewe ulivyombana na futi yako, mtu hapumui, anapanda kilima anawaza mapaja!"

"Wewe ndiye uliyempandisha lile fahali, akapoteza siku nzima ya mazoezi kwa hofu! Akipewa mihuri mke wangu, shemeji, akikaa kule ofisini ananyauka, nitakuja kwako na mkasi huu, nakuapia..."

"Kwa mkasi? Mimi nimebeba saruji miaka kumi na..."

"Nyamazeni," nikasema. "Babu yangu alipanda kiboko kuvuka mto, na kiboko hakuwa na breki. Alichofanya, alimshika masikio yote mawili, kisha..."

"Mama, kiboko gani tena jamani!" wakasema kwa pamoja. Ndicho kitu cha kwanza walichokubaliana wiki ile nzima.

"Kisha akamwambia..."

Mlango ukafunguliwa kwa teke. Akaingia Daktari na kofia kichwani, kioo chake kimejaa tope hata sijui alikuwa anaona wapi. Nje injini inanguruma taratibu. Hakutusalimia. Alikwenda moja kwa moja mezani, akafungua begi, akatoa kamba zake mbili na chupa ya mafuta, akatupia kila kitu kifuani, ndani ya koti.

"Mwenyekiti nimemwacha kule juu kwenye zizi la pili," akasema, anatafuta glavu. "Ameshika mkia wa ng'ombe anayezaa. Ndama anatanguliza miguu ya nyuma, na mwenyekiti anasema nisipofika nusu saa hii anaachia. Mama, ondoka mlangoni."